Kibanda cha Baba Mkwe

Tairi la lori lina aina mbili. La uzi unalikata kwa kisu kilichonolewa vizuri, unalimwagia maji ya sabuni, unalikandamiza kwa goti, unaligeuza ndani nje kama soksi, na hapo tayari una chungu cha maua. La waya halikubali. Ukilazimisha linakutoa damu na kisu kinakwisha. Vijana wanaoziba pancha Keroka wanajua nataka la uzi, kwa hiyo hunipangia ya waya chini na la uzi moja juu, lionekane. Tukikutana tunasalimiana vizuri sana, tunaulizana habari za nyumbani, halafu napindua rundo lote.

"Mama, wewe huamini watu," mmoja wao huniambia.

"Nyinyi nawaamini. Matairi ndiyo siyaamini."

Nahesabu nikipokea, nahesabu tena yakiwa juu ya mkokoteni. Sisemi kwamba vijana wale ni wezi. Nasema tu kwamba hesabu ya kwanza na ya pili zina mazoea ya kutofautiana.

Nilizaliwa Kisii mjini, katika familia ya Waislamu ambayo ukiuliza asili yake utapewa jibu kulingana na nani ameketi sebuleni siku hiyo. Babu mmoja alikuja na biashara ya nguo akasahau kuondoka. Kiswahili ndicho tulichokua nacho nyumbani. Ekegusii nilikiokota sokoni, kile cha kununua na kuuza na cha kumjibu mtu aliyekukanyaga. Mila zilizoko nyuma ya lugha hiyo nilizijua kama mgeni ajuavyo nyumba ya jirani: sebule naijua, choo naonyeshwa nikiuliza, huko kwingine sijafika.

Kibanda changu kiko kando ya barabara, pale malori yanapopunguza mwendo. Nauza mapambo ya nyumba na ya ua, yote yakiwa yametokana na vitu ambavyo watu walishaachana navyo. Bata wa tairi mwenye shingo ndefu. Gambuti moja iliyopotelewa na mwenzake, imepakwa rangi ya njano na kupandwa maua. Sufuria zilizotoboka, za kuning'iniza. Mabaki ya mawe ya Tabaka, yale ambayo wachongaji wameyatupa kwa sababu kifaru alivunjika pembe, ya kupanga njia ya bustanini. Na mapazia ya vizibo vya chupa, vilivyotobolewa kwa msumari na kutungwa kwenye uzi wa kuvulia samaki, ambayo ukipita yanalia kama mvua inayoanza juu ya mabati.

Vizibo navitafuta kwenye baa alfajiri kabla hawajafagia. Mwanamke wa buibui akiinama mlangoni mwa baa saa hiyo haulizwi swali na mtu yeyote, kwa kuwa kila mpita njia ana jibu lake. Nikifika nyumbani natenga vya soda na vya pombe, kisha narudia kutenga. Wateja wangu wengi ni watu wa Sabato. Hawataki kuona jina la bia mlangoni mwao hata kama limegeuzwa kichwa chini.

Yule mwanamke alikuja siku ya soko akiwa na mtoto mgongoni na futi ya kamba shingoni. Alikuwa fundi wa nguo kule Nyaramba. Kwao ni upande wa ziwa, akaolewa huku, na Kiswahili chake kilikuwa cha haraka kama cherehani. Hakuulizia bei. Alipindua kiti cha matairi, akaangalia chini, akavuta kamba niliyokizungushia, akakikalia, akainuka, akakikalia tena. Nikaanza kumheshimu, jambo ambalo kibiashara ni hasara.

"Hiki kinabeba mtu mzima?"

"Kimenibeba mimi."

Akanipima kwa macho. "Basi kitabeba."

Kiti kilikuwa cha baba mkwe wake. Nilimwambia akiweke sebuleni kwake mwenyewe, mzee akija akikalie, kitapendeza. Akacheka bila furaha, akanieleza. Mzee alifiwa na mkewe mwaka uliotangulia. Anaishi peke yake juu ya mteremko, na yeye na mumewe wako chini, shamba ni lile lile. Mumewe ni dereva wa lori, yuko nyumbani siku chache kwa mwezi. Na kwa mila yao, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa.

"Hata mvua ikinyesha?"

"Hata ikinyesha ya mawe. Anasimama chini ya parachichi, ananiuliza hali ya watoto kwa sauti, halafu anapanda kwake."

Kwa hiyo chakula kilikuwa kinampandia mzee, siyo yeye kukishukia. Kila siku fundi alikipeleka kwenye hotipoti, na ugali wa hotipoti hutoa jasho. Mzee aliupokea kwa adabu, akashukuru, akafunga mlango, akampa mbwa.

"Mbwa amenenepa mpaka mgeni akija haamki," aliniambia. "Mzee naye suruali anaifunga kwa kamba ya katani. Nikimuuliza anasema ameshiba. Mtu akila peke yake halafu mke amekufa, hiyo ni kula? Mimi nataka ale na watu. Ale mbele yangu, nione tonge likishuka."

Alishamwekea mtungi chini ya mti akae. Mzee akasema anayekula amekalia mtungi ni kibarua. Na mvua ya mchana ya huku haimsubiri mtu amalize sahani.

Tukaafikiana nimjengee mahali pa kukaa nje. Paa, viti, mapambo, kila kitu. Bei sitaitaja, kwa sababu alinishinda, na mume wangu hadi leo anaamini vinginevyo.

Nilifika kwake na pikapu ya kukodi. Boma lilikuwa safi, limezungushiwa ua wa michongoma, migomba nyuma, nyumba ya mabati na saruji yenye jiko kwenye ubavu. Niliangalia ule ubavu wa jiko kama wengine wanavyoangalia nyama. Ukuta mzima, imara, mrefu, haufanyi kazi yoyote. Nikiuegemezea kibanda, nimeokoa nguzo mbili. Nikiingiza mabati yangu chini ya ukingo wa paa la nyumba, nimeokoa boriti. Upepo unazuiwa, chakula kinatoka jikoni hatua chache tu. Nilijipongeza kimoyomoyo. Hata fundi, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alisema nina akili.

Kisha tukapamba. Hapo ndipo mtu akiwa na cherehani na mwingine akiwa na rangi wanapaswa kuwa na wa tatu wa kuwakataza. Viti vya matairi nilivipaka rangi ya maziwa. Yeye alikuwa amefumua sweta kuukuu za shule akafuma vitambaa vya kutandika, vyenye maua pembeni, na mito ya viti ameishona kwa vipande vilivyobaki vya kitenge, kila mmoja na rangi zake. Sufuria tatu zikaning'inia na maua mekundu. Sakafu tulipanga vipande vya mawe ya Tabaka, na njia ya mawe hayo hayo ikatoka mlangoni kwake mpaka ndani ya kibanda, imenyooka. Mlangoni pa kibanda nikatundika pazia langu la vizibo, vyote vya soda, nimevihakiki mara mbili. Majirani walisimama nje ya ua wakapiga picha. Mmoja aliuliza kama tunauza chai.

Mzee aliteremka saa saba. Alikuwa mrefu, mwembamba, koti limemkaa kama limeazimwa. Akasimama chini ya parachichi.

"Tata, karibu ukae," fundi akasema; ndivyo baba anavyoitwa huku. Alikuwa amevaa rinda jipya. "Hapa ni pako."

Mzee alisogea. Akazunguka kibanda upande mmoja, akarudi akazunguka upande wa pili. Akatazama sufuria, akatazama juu. Akasema ni kizuri sana. Akasema hajaona kama hicho hata kwa mtu wa pesa. Kisha akarudi chini ya mti wake.

Mvua ikaja. Nilikuwa nimeshakalia kiti kimoja nikionyesha jinsi kinavyobeba, nimeshika kikombe cha chai. Mzee alikuwa mbele yangu kwa mbali, ananyeshewa, anaitikia kwa kichwa kila tulipomwita. Nimeshakaa mahali pengi pasiponistahili, lakini pale nilikiweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Mvua ilipopungua alituaga vizuri akapanda kwake. Ugali ukamfuata kwenye hotipoti, na sote wawili tulijua unakoenda.

Fundi alisimama mikono kiunoni. "Umekosea wapi?"

"Mimi? Si ulisema nina akili?"

"Nilisema hivyo kabla hajanyeshewa. Kamuulize. Mimi nikimuuliza atasema ameshiba."

Nikapanda kwa mzee na mwavuli. Nilimkuta mlangoni anakausha kofia kwenye goti. Nikamsalimia kwa Ekegusii changu cha sokoni. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa huruma.

"Mzee, kibanda kina shida gani?"

"Haina shida. Nyumba ya mtoto yangu imeongezeka. Nimefurahi."

"Si nyumba. Ni kibanda."

"Hiyo ukuta ni ya nani?"

Nikageuka kuutazama ukuta wa jiko kule chini.

"Na mabati yako imeingia chini ya mabati yake," akaendelea, bila haraka. "Maji ikitoka kwa nyumba inapitia juu ya hiyo yako. Sasa mimi nikikaa hapo, nimekaa wapi?"

Nilijua baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Nilichokuwa sijauliza ni nyumba inaishia wapi. Mtu wa huku angeuliza kabla ya kuchimba shimo la kwanza. Mimi niliona ukuta wa bure.

Lakini mpaka ni kitu cha kupatana, na kupatana ni kazi yangu. Nikamwomba ateremke anionyeshe. Akachukua fimbo yake. Tulisimama kando ya jiko, fundi akitutazama kutoka mlangoni, mwiko mkononi.

"Nikikitoa ukutani futi mbili?"

"Futi mbili si hiyo ni mlango tu."

"Nne."

Akaangalia ile nafasi kama mtu anavyomwangalia ng'ombe anayesemekana ana maziwa mengi. "Kuku ya huyu mama akiruka kidogo amefika."

"Sita, mzee, na hapo nanunua nguzo zangu mwenyewe."

"Nani amekukataza kununua?"

Mnunuzi mzuri hataji bei kwanza, na huyu alikuwa mzuri. Alianza kutembea polepole, akichoma ardhi kwa fimbo. Akavuka mfereji mdogo ambao maji ya paa yalikuwa yamejichimbia yakielekea kwenye migomba. Akasimama ng'ambo yake.

"Hapa maji ya nyumba imeisha," akasema. "Hapa ni nje."

Nikapima kwa hatua, nikarudi nikapima tena. Ilikuwa mbali kuliko futi zote nilizotaja. Nikakubali, nikanyoosha mkono tufunge biashara. Hakuupokea.

"Na ile kitu inalia?"

"Pazia la vizibo. Ni pambo tu."

"Ukipita unainua na mkono?"

"Ndiyo."

"Kitu unainua na mkono ndio uingie ni mlango."

Pazia likaenda. Halafu akauliza, kama mtu ambaye hataki kusumbua, kama ni lazima ile njia ya mawe ipite kwa mlango wa mwanawe. Na vile vitambaa. Vitambaa ni vya sebuleni. Hata mito. Mahali penye mito mtu anavua viatu.

Nilivuka ua kupeleka habari kwa fundi, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

"Mwambie sitoi," akasema, akinitazama mimi. "Nimefumua sweta tano. Nimeshona mpaka macho yanauma. Nimketishe baba wa mume wangu kwenye tairi tupu, kama anayesubiri pancha? Watu wa soko watasemaje? Kwamba huyu wa ziwani alimtengea mkwe takataka?"

Nilirudi kwa mzee. "Anasema vitambaa ni heshima."

"Mwambie nimeiona. Heshima yake ni mzuri. Aiweke kwa nyumba."

"Anasema iwekwe ndani," nikamwambia fundi.

"Nimesikia. Si kiziwi."

"Basi zungumzeni nyinyi."

Walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kurushiana ndizi, na kila mmoja alinitazama mimi. Niliwahi kusuluhisha mauzo ya pikipiki kati ya ndugu wawili wasiosemezana. Ile ilikuwa rahisi. Pikipiki haikuwa na vitambaa.

Nikamwambia fundi kwa sauti ya chini kwamba kila kitu alichoongeza kwa ajili ya mzee kilikuwa kinaongeza chumba. Kila kitambaa ni kama tofali. Akizidi kumheshimu hivyo, mzee atazidi kunyeshewa. Fundi akazungusha mwiko mkononi. Mtoto akalia ndani, hakuenda.

"Muulize ni nini cha nje, basi," akasema. "Muulize nitamwekea nini."

Sikuhitaji kuuliza. "Maua," mzee akasema kutoka ng'ambo ya mfereji. "Maua ni ya nje. Hata akiweka mingi namna gani."

Tulitumia siku mbili kubomoa na kujenga upya. Nguzo mbili za zaidi tuligawana gharama, baada ya mjadala ambao mtoto aliulalia na kuamkia. Kibanda kikasimama peke yake ng'ambo ya mfereji, nguzo nne, pande zote wazi, na kati ya paa lake na paa la nyumba mbingu inaonekana. Njia ya mawe nikaing'oa jiwe kwa jiwe, nikaipanga upya kutoka kwenye pengo la ua upande wa juu, anakotokea mzee, ili afike kibandani bila kupita mbele ya mlango wa mwanawe. Pazia la vizibo fundi alilipeleka dukani kwake, ambako wateja wanalichezea wakingoja nguo zao. Mito ikaingia sebuleni.

Na maua akayaweka mengi namna ile. Alichukua matairi yangu yote ya uzi niliyobaki nayo, na hapo hakupunguziwa hata shilingi. Aliyaweka mguuni pa kila nguzo, meupe na mekundu. Gambuti sita zikaning'inia kwenye boriti, hakuna mbili za rangi moja. Sufuria zikarudi, zikaongezwa na birika lisilo na mdomo. Alipanda na pasheni itambae juu ya paa. Mwishowe mtu hakujua kama ni kibanda kilichopambwa maua ama ni maua yaliyowekewa mabati. Viti vilikaa vitupu, rangi ya maziwa, vimeelekezwa upande wa bonde, mgongo kwa nyumba. Hilo mzee hakuliomba. Fundi alivigeuza mwenyewe.

Alimwalika Jumapili. Mimi nilikwenda kwa sababu kulikuwa na salio dogo, na kwa sababu nilitaka kuona, ingawa nilimwambia ni salio.

Mzee alikuja kwa njia yake. Alikanyaga jiwe la kwanza kwa fimbo, halafu kwa mguu. Alipofika akasimama nje ya nguzo, akainua uso, akaitazama ile mbingu kati ya mapaa mawili kwa muda ambao ulinifanya nianze kufikiria bei ya nguzo nyingine. Kisha akaketi. Kiti kikalia kidogo, kikambeba. Wajukuu wawili wakakimbilia kiti cha pili wakasukumana.

Fundi alileta maji ya kunawa. Akaleta ugali na chinsaga, ile mboga chungu inayopikwa na maziwa, na kipande cha kuku. Akaweka kwenye kigoda, akarudi nyuma mpaka mlangoni mwa jiko, akasimama huko na kitambaa cha mikono. Hakujifanya ana kazi.

Mzee akakiombea chakula. Akakata tonge, akaliachia haraka, akapuliza vidole.

"Hii ugali ni moto," akasema.

"Imetoka jikoni sasa hivi, Tata."

Ilikuwa mara ya kwanza nasikia anamjibu bila kunipitia mimi.

"Kumbe." Akakata tena, dogo zaidi, akalipuliza, akalichovya. "Siku zote hizi nikafikiri kwenu mnapikanga baridi."

Watoto wakacheka ingawa hawakuelewa. Fundi alinitazama kama anayetaka shahidi. Mimi nilikuwa nahesabu gambuti.

Mvua ilianza tukiwa hapo, ile ya matone makubwa, ikipiga mabati mawili kwa sauti mbili tofauti. Maji ya nyumba yalishuka kwenye mfereji wake yakapita kuelekea migombani. Mzee alisogeza mguu mmoja, akatazama yanakopita, akaendelea kula. Alikula polepole, akimtengea kila mjukuu tonge, akimkaripia mdogo kwa kumaliza mboga kabla ya ugali. Sahani ilipobaki nyeupe aliisukuma mbele kidogo juu ya kigoda, bila kumtazama mtu.

Fundi alikuja mbio kwenye mvua bila kujifunika, akaichukua, akarudi nayo jikoni kupakua tena.